Ukungu Kwenye Darubini

Koleta alikuwa ameapa hatamwangalia. Aliapa alipokuwa anawasha pikipiki uani kwa mjomba wake pale Ruponda, akaapa tena walipoingia barabara ya Nachingwea, na kwa jinsi alivyokuwa akirudiarudia kiapo hicho, mtu yeyote mwenye akili timamu angejua kwamba atamwangalia tu.

Nyuma yake alikaa Mjomba Benedikto, mgongo umenyooka, bunduki ameipakata mapajani ikiwa imeviringishwa kwenye kitenge cha marehemu mkewe. Ilikuwa raifali ya kuwindia, ya zamani lakini imetunzwa, ina leseni yake, na juu ya mtutu ilifungwa darubini ya kulengea. Wiki chache nyuma ilidondoka kutoka kwenye bodaboda, ikagonga jiwe. Tangu siku hiyo, kwa maneno ya Mjomba mwenyewe, ilikuwa haipigi inapoambiwa. Na mwaka huu bwana nyama wa wilaya alikwishatangaza kwamba hatampa mtu kibali cha kuwinda kabla bunduki yake haijapimwa kwenye uwanja wa shabaha, mbele ya macho yake.

"Nenda polepole," Mjomba alisema. "Ikianguka tena hii, itabaki ya kusongea ugali."

"Mjomba, tunakwenda polepole mpaka kuku wanatupita."

"Kuku wa Ruponda wana mbio."

Koleta alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Bwana nyama waliyekuwa wanamwendea alikuwa Felisian Komba, na Felisian Komba ndiye mwanaume aliyetaka kumwoa, naye Koleta ndiye aliyetaka kuolewa naye, na mtu pekee duniani aliyekuwa amesimama katikati yao alikuwa amekaa nyuma ya pikipiki hiyohiyo, amepakata bunduki.

Habari yenyewe haikuwa na mizengwe. Felisian alikuwa Mngoni wa Songea, kaletwa Nachingwea na kazi. Alikutana na Koleta kule Nkowe, tembo walipoingia kwenye mikorosho, yeye anawaambia watu waondoke shambani, Koleta anamjibu kwamba amelipwa kupuliza dawa ya salfa shamba zima na hawezi kuacha mistari miwili kwa sababu ya tembo. Walibishana mpaka tembo wakaondoka wenyewe. Wakaanza kupigiana simu. Masika yalipokaribia, Felisian akatafuta mshenga, akaandika barua ya posa kwa mkono wake mwenyewe, akaipeleka Nkowe kwa baba yake Koleta. Kwao Songea mtoto ni wa baba. Hakujua kwamba kuna mahali mambo yanakwenda vingine.

Baba yake Koleta, mtu mpole ambaye hakuwahi kuandikiwa barua nzuri kiasi kile, aliipokea kwa mikono miwili, akafurahi, akachinja jogoo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, na posa inakwenda kwa mjomba. Mjomba ndiye anayesikiliza, ndiye anayeuliza, ndiye anayekubali, kisha baba anaambiwa siku ya kuja kula. Mjomba Benedikto alizisikia habari za posa ya mpwa wake sokoni, kutoka kwa mwanamke anayeuza dagaa.

"Huyo Nngoni hatujuani," alisema siku ile, na Kiswahili chake, ambacho kila siku kilipita kwanza kwenye Kimwera ndipo kikafika mdomoni, kilikuwa kizito kuliko kawaida. "Posa amempelekea baba ntu, ngeni kwenye ukoo wetu. Ngeni amemjibu. Basi akamwoe ngeni."

Mama yake Koleta, Serafina, alimlilia kaka yake. Haikusaidia. Felisian alikwenda Ruponda mwenyewe kuomba radhi. Mjomba akatokea mlango wa nyuma akaenda zake shambani, hata uso wa kijana hakuuona. Mwishowe Koleta akamwambia Felisian asipige simu mpaka mambo yatulie. Felisian akatii. Koleta akakasirika kwa sababu ametii, na hasira hiyo alikuwa nayo mpaka asubuhi hiyo.

Uwanja wa shabaha ulikuwa nje kidogo ya mji: kipande kirefu cha ardhi kilichofyekwa, tuta refu la udongo mwekundu mwishoni, ubao wenye karatasi ya duara mbele ya tuta, na upande wa huku meza nzito ya mbao yenye viroba vya mchanga. Felisian alikuwa anapanga viroba hivyo. Alikuwa na sare ya kijani, mikono ya shati ameikunja. Aliinua uso aliposikia pikipiki.

Koleta akamwangalia. Amekonda, aliwaza, na moyo ukamuuma palepale kama vile hakuwa amejiandaa hata kidogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye bwana nyama?"

"Ndiye mimi."

"Jina?"

Felisian alimtupia Koleta jicho, akalirudisha. "Felisian Komba."

Mjomba aligeuza kichwa upande, kama anayesikiliza, kisha akaanza kuvua kitenge kwenye bunduki, taratibu, bila haraka.

"Ndiye huyo," alisema.

"Ndiye huyo, mzee."

"Leo tuna kazi ya bunduki. Mengine hayapo."

"Mengine hayapo," Felisian alikubali. Kisha, kwa kuwa adabu ilidai, akamgeukia Koleta. "Habari za Nkowe?"

"Nzuri. Tunapuliza."

"Mikorosho imetoa maua?"

"Inaanza."

Watu hawa wawili walikuwa wakizungumza usiku kucha mpaka simu zinazimika kwa kuisha chaji, na sasa wanaulizana habari za maua ya korosho. Koleta aliona aibu kwa niaba yao wote.

Felisian aliichukua raifali, akafungua komeo, akaangalia ndani kama hakuna risasi. Akakagua skrubu zilizoshika darubini, akaikuta moja imelegea, akaikaza. Akailaza bunduki juu ya viroba vya mchanga na kumpa Mjomba kiti na pamba za masikioni. Akamweleza kwamba atapiga risasi tatu, zote akilenga katikati ya duara, asibadilishe kitu chochote, hata akiona zinakwenda kombo.

"Nimewinda kabla baba yako hajaoa," Mjomba alisema.

"Ndiyo, mzee. Tatu tu, katikati."

Mjomba akakaa, akaegemeza shavu kwenye kitako. Alikawia kulenga. Akainua kichwa, akafuta kioo cha darubini kwa ncha ya kitenge, akalenga tena. Mlio wa kwanza ukawarusha njiwa wote waliokuwa kwenye miti ya jirani. Akapiga ya pili. Kabla ya ya tatu alisimama tena kufuta kioo.

"Darubini ina ukungu," alilalamika. "Tangu ilipoanguka. Maji yameingia."

Alipomaliza, Felisian akafungua komeo, akahakikisha chemba ni tupu, kisha akainama akatazama ndani ya darubini. Alitazama kwa muda. Koleta alikuwa anamwangalia mgongo wake, na aliona mabega yanavyotulia, kama ya mtu aliyeelewa jambo ambalo afadhali asingelielewa.

"Nakwenda kuangalia karatasi," alisema. "Naomba mtu anishikie gundi na karatasi mpya."

"Nenda," Mjomba akamwambia Koleta. "Lakini nawaona."

Walitembea bega kwa bega, wameachiana nafasi ambayo ng'ombe angeweza kupita. Majani makavu yalikuwa yanavunjika chini ya viatu vyao. Wakafika karibu na nusu ya njia.

"Umekonda," Koleta alisema.

"Napika mwenyewe."

"Hata zamani ulikuwa unapika mwenyewe."

"Zamani nilikuwa nakula."

Koleta aliuma mdomo ili asitabasamu. "Ungepiga simu."

"Ulinikataza."

"Na wewe ukakatazika! Mtu anaambiwa asipige, hapigi kweli? Hata kwa bahati mbaya? Hata kukosea namba?"

Felisian alisimama, akamtazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu waje. Macho yake yalikuwa yamechoka. "Nilikuwa nashika simu kila siku naiweka. Nilifikiri nikikosea tena jambo dogo, nitakupoteza moja kwa moja. Ile barua niliikosea nikiwa najiona nimepatia."

Koleta alitaka kumshika mkono, lakini mjomba alikuwa amesema anawaona, na hata kama hilo halikuwa kweli, heshima ni heshima.

Wakafika kwenye ubao. Tundu moja lilikuwa juu kulia, pembeni kabisa ya karatasi. La pili lilikuwa chini, nje ya duara. La tatu halikuwa kwenye karatasi. Walilitafuta mpaka wakaliona kwenye fremu ya ubao, upande wa kushoto, mbao imechanika.

"Unaona?" Felisian alisema taratibu. "Bunduki iliyopoteza shabaha inakosea mahali pamoja. Kama inavuta kushoto, zote tatu zitakwenda kushoto, zikae karibukaribu, nami nitazungusha darubini nizirudishe. Hizi kila moja imekwenda kwao."

"Labda ile skrubu."

"Skrubu nimeikaza. Na darubini haina ukungu, Koleta. Kutoka pale nimeona mpaka vichwa vya misumari ya fremu hii."

Koleta alikazia macho lile tundu la kwenye fremu. Alilijua jambo hili kabla ya Felisian. Alilijua tangu juma lililopita, alfajiri, kwenye mikorosho ya mjomba wake, alipokwenda mapema bila kuaga ili apulize salfa wakati umande bado uko kwenye majani. Alikuwa ameinama anafunga tangi la mashine mgongoni, kitambaa kimefunika pua na mdomo, aliposikia komeo la bunduki linarudishwa. Alipogeuza shingo aliuona mtutu, upande wa pili wa mihogo, umemwelekea yeye. Sauti ilimkataa kabisa. Mkono ndio ulioamka. Ukavuta kamba ya mashine, injini ikanguruma, na mtutu ukashuka. Hakumwambia mtu. Mchana alimpikia mjomba, na wakati anakula, mjomba akamsimulia kwamba alfajiri amemkosa nguruwe mweusi, mkubwa ajabu, kwenye mihogo, kakimbizwa na mlio wa mashine ya jirani.

Alilijua hilo lote, na bado alisema alichokisema.

"Tia saini, Felisian."

"Nini?"

"Rekebisha darubini, tia saini, mpe kibali chake. Atakwenda porini mara moja, mara mbili, atachoka mwenyewe. Ukimnyima, tumekwisha. Ulimpita kwenye posa. Leo umnyang'anye na bunduki? Unamjua mjomba wangu? Hatakusamehe mpaka anaingia kaburini."

"Wewe unajua kwamba haoni."

"Anaona kidogo."

"Koleta."

"Anaona kidogo, nimesema!"

Felisian alibandua karatasi ya zamani, akapaka gundi, akabandika mpya. "Nilipokosea barua, watu walikasirika," alisema. "Nikikosea hapa, watu watazikwa. Nakupenda. Sijui nilisemeje zaidi ya hivyo. Lakini saini hiyo siwezi kutia."

"Basi hunipendi kama unavyosema."

Aliyasema maneno hayo na papo hapo akatamani kuyameza. Felisian aliinamisha kichwa, akaokota kopo la gundi, akaanza kurudi. Koleta alimfuata nyuma akiwa amejichukia, na amemchukia Felisian pia, na anampenda, vyote kwa pamoja.

Kwenye meza Felisian alimwomba Mjomba ruhusa ya kupiga yeye mwenyewe. Risasi tatu zikaenda. Walipokwenda kuangalia, yalikuwa matundu matatu chini kushoto, yamekaa pamoja, kiganja kimoja kingeyafunika. Kweli bunduki ilikuwa imepotea, na ilikuwa imepotea kwa adabu. Felisian akafungua kifuniko kidogo juu ya darubini, akazungusha kitufe, tiki, tiki, kisha kile cha ubavuni. Akapiga tena. Ikaingia ndani ya duara jeusi, karibu kabisa na katikati.

"Imepona," alisema. "Sasa wewe, mzee. Moja tu."

Mjomba akakaa. Alilenga mpaka Koleta akaona mshipa unamcheza shingoni. Mlio ukapasuka, na kwa mbali, upande wa kulia wa ubao, mita kadhaa kutoka kwenye karatasi, vumbi jekundu likaruka kwenye tuta.

Wote wawili waliliona vumbi lile. Mjomba hakuliona.

"Imeingia?" aliuliza.

Hakuna aliyemjibu. Mjomba akaitoa bunduki begani na kuilaza mezani. Hakuwa mjinga, kimya alikielewa.

"Koleta, katafute maji ya kunywa."

"Maji yapo hapa, Mjomba."

"Basi kaa usikie." Alimgeukia Felisian. "Kijana, mimi si ntu wa kuzunguka. Wewe unataka kitu kwangu. Mimi nataka kitu kwako. Nipe kibali changu leo. Jumapili mshenga wako aje Ruponda, nitampokea, nitasikiliza, nitajibu vizuri. Habari ya ile barua tutaifukia."

Hapo palikuwa na kila kitu ambacho Koleta alikililia tangu masika. Palihitaji kalamu tu. Alimtazama Felisian, na kwa muda ule mfupi alimwomba kwa macho yake yote, bila aibu, akubali.

Felisian akamtazama Koleta kwanza, muda mrefu, kama anayeaga.

"Hapana, mzee," alisema. "Bunduki ni nzima. Tatizo ni jicho. Samahani sana. Kibali sitoi."

"Umesema hapana?"

"Nimesema hapana."

Mjomba alisimama. Alianza kuviringisha kitenge kwenye bunduki, lakini alikosa ncha ya kitenge mara mbili, mkono ukapapasa hewani. "Twende, Koleta. Na kuanzia leo sitaki kulisikia jina la ntu huyu. Si kwangu, si kwa mama yako. Msituni nitaingia hivyohivyo. Nimeingia kabla vibali havijakuwepo. Washa pikipiki."

Koleta hakusogea.

"Washa, nimesema."

"Mjomba," Koleta alisema, na sauti yake aliisikia ikitoka ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi. "Yule nguruwe wa juma lililopita."

"Nguruwe gani?"

"Wa kwenye mihogo. Mweusi, mkubwa. Yule uliyenisimulia wakati unakula."

"Ndiyo. Alikimbia."

"Hakukimbia. Alikuwa amebeba mashine ya kupulizia salfa. Tangi lake ndilo jeusi. Alikuwa ameinama anafunga mkanda."

Mjomba alibaki na kitenge mkononi. Upande wa pili wa meza Felisian alikuwa amefungua mdomo, na rangi yote imemtoka usoni.

"Nilikuja mapema nikupulizie mikorosho yako," Koleta aliendelea, na sasa machozi yalikuwa yanashuka lakini hakuyafuta. "Niliuona mtutu, Mjomba. Nilishindwa kupiga kelele. Nilivuta kamba ya injini, ndipo ukashusha. Kisha nikaja nikakupikia, nawe ukanisimulia alivyokuwa mkubwa, nikacheka, kwa sababu sikujua nifanye nini. Nimekaa nalo mpaka leo. Hata sasa hivi nilimwomba huyu atie saini. Nilimwomba! Na ni mimi niliyekuwa pale kwenye mihogo."

Mjomba alikitafuta kiti kwa mkono, akakipata, akakaa. Njiwa walikuwa wameanza kurudi kwenye miti yao.

"Ni wewe," alisema hatimaye.

"Ni mimi."

"Kidole kilikuwa kwenye triga, ntoto wangu."

"Najua."

Mjomba alifunika uso kwa viganja. Koleta akapiga magoti mbele yake na kumshika magoti. Alipoondoa viganja, macho yake yalikuwa yamelowa, na kwa ukaribu ule, kwenye mwanga ule, Koleta aliona vizuri kabisa doa jeupe lililotanda kwenye mboni ya jicho la kulia. Alijiuliza ni vipi wote waliokuwa wakimwamkia kila siku hawakuwahi kuliona.

"Tangu mavuno ya mwaka jana," Mjomba alisema. "Lilianza kama moshi. Nikajua ni moshi wa jiko. Nikafuta, halitoki. Nikasema ni darubini."

"Mbona hukutuambia?"

"Nikuambieni nini? Njomba haoni? Njomba asiyeona, nani atampelekea posa?" Alivuta pumzi iliyokatikakatika. "Ile barua ilipokwenda kwa baba yako, mimi nilisema wameshajua. Wameona nimechakaa, wameanza kunipita. Sokoni naambiwa na muuza dagaa. Nikasema basi, wacha niwaonyeshe kwamba bado nipo."

Koleta alilaza kichwa kwenye mapaja ya mjomba wake akalia kwa sauti. Miezi yote alidhani ni kiburi. Alikuwa ameshamtukana moyoni mara nyingi kuliko ambazo angeweza kuungama.

Felisian alizunguka meza, akachuchumaa ili asiwe juu ya mzee.

"Sikukupita, mzee. Njia sikuijua. Nilipaswa kuuliza kabla ya kuandika, na sikuuliza. Kosa ni langu, si la baba yake Koleta wala la mtu mwingine."

"Leo ungeweza kutia saini ukampata."

"Ndiyo."

"Mbona hukutia?"

"Porini kuna watu wanaokata kuni, mzee. Wana wajomba zao pia. Sikujua kwamba bunduki tayari ilikuwa imemwelekea yeye." Akatazama pembeni. "Hilo nimelijua sasa hivi kama wewe."

Mjomba alilipima jibu hilo. Kisha akaichukua raifali mezani, akafungua komeo mwenyewe, akapitisha kidole ndani kuhakikisha, akamkabidhi Felisian kwa mikono miwili. Kitenge akabaki nacho.

"Iweke stoo kwako."

"Nitakuandikia hati ya kupokea. Na jicho hilo ni mtoto wa jicho, mzee, hospitali wanatoa. Mama yangu alitolewa, sasa ananikosoa mpaka vifungo vya shati. Ukipona uje, nitakupima upya."

"Na ukinikuta bado sioni?"

"Nitakunyima tena."

"Vizuri," Mjomba alisema. "Hivyo ndivyo." Akanyoosha mkono, akamshika Felisian kidevu, akamgeuza uso kuelekea jua. Akasogea karibu, akaliweka mbele jicho la kushoto. Alimkagua paji, pua, meno, bila haraka, kama anavyokaguliwa mbuzi wa kununuliwa, na Felisian alijiachia akaguliwe.

"Masikio makubwa," alisema.

"Ya ukoo, mzee."

"Watoto watayarithi."

Koleta aliinua kichwa. Hakuwa na uhakika kama amesikia alichosikia.

"Jumapili baada ya misa uje Ruponda," Mjomba alimwambia Felisian. "Nshenga nwache nyumbani. Karatasi usilete, nani atanisomea? Uje na ndomo wako, ukae mbele yangu, useme unachokitaka. Mimi nitasikiliza. Masikio yangu bado mazima."

"Nitakuja, mzee."

"Na ukae ukijua nitauliza maswali mengi."

"Nitajibu yote."

Koleta alisimama, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Felisian alikuwa bado amechuchumaa na bunduki mikononi, akamtazama kutoka chini. Alichosema Koleta kule kwenye ubao, kwamba Felisian hampendi kama anavyosema, kilikuwa bado kinamchoma. Akaliweka akilini kwamba atamwomba msamaha, tena kwa simu, tena leo, naye apokee mlio wa kwanza.

Felisian aliifungia bunduki ndani ya gari, akarudi. Mjomba alikuwa ameshasimama, kitenge amekitundika begani, ameielekea pikipiki lakini haendi. Koleta alipotaka kumsogelea, mzee alimzuia kwa kiganja.

"Nngoni," aliita.

"Naam, mzee."

"Pale mbele yangu pana shimo?"

Felisian alitazama. Mbele ya miguu ya mzee palikuwa na kivuli cha meza, kimelala juu ya udongo mwekundu.

"Hapana shimo, mzee. Ni kivuli."

Mjomba akanyoosha mkono.

"Basi nishike hivyohivyo."